Mguu Bandia wa Chini ya Goti: Kutoka Kidonda Hadi Barabarani

Mtu akikatwa mguu, swali la kwanza la ndugu huwa ni bei: mguu bandia ni shilingi ngapi, na unapatikana wapi? Swali hilo ni la haki na nitalifikia. Ila kinachoamua kama mgonjwa atatembea, au kama mguu utaishia uvunguni mwa kitanda, ni mambo yanayofanyika nyumbani kabla ya kipimo cha kwanza na katika miezi inayofuata baada ya kukabidhiwa. Mambo hayo hayana gharama kubwa. Yanataka mtu wa kuyafanya kila siku.

Naandika kuhusu mguu uliokatwa chini ya goti peke yake. Wengi wanaofika karakana za viungo bandia siku hizi ni vijana wa ajali za pikipiki na wazee wenye kisukari, na aliyebakiwa na goti lake ana bahati ambayo haifai kupotezwa kwa uzembe. Goti lako mwenyewe hakuna fundi anayeweza kulitengeneza likafanana.

Kwanza ujue vipande vya mguu wenyewe. Juu kuna soketi, ndiyo kikombe cha plastiki ambamo sehemu ya mguu iliyobaki, yaani kigutu, huingia. Ndani yake mara nyingi huwekwa ganda laini la sponji ngumu. Chini ya soketi kuna bomba, na mwisho kuna wayo. Halafu kuna kitu cha kuushikilia mguu usichomoke: mkanda unaopita juu ya goti, au umbo la soketi lenyewe likibana juu ya mifupa ya goti. Watu huhangaika na wayo kwa sababu ndio unaoonekana. Soketi ndiyo inayobeba mwili wako. Wayo wa bei ghali juu ya soketi mbaya ni hasara tupu.

Hatua ya kwanza: linda goti tangu kitandani

Mgonjwa akirudi kutoka chumba cha upasuaji, huruma ya ndugu humwekea mto chini ya goti ili apumzike vizuri. Uondoeni. Goti likikaa limekunjwa siku nyingi, misuli ya nyuma hufupika na goti hugoma kunyooka, na mguu bandia juu ya goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee maisha yake yote, kama utamwingia. Vivyo hivyo, asikae kwenye kiti kutwa nzima huku kigutu kikining'inia. Akikaa, kigutu kinyooshwe juu ya ubao au kiti cha pili.

Daktari akiruhusu, alale kifudifudi dakika 15 hadi 30, mara mbili au tatu kwa siku, ili nyonga na goti vinyooke. Akiwa chali, akaze paja na kulisukuma goti liguse godoro, ahesabu hadi tano, aachie, arudie. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini misuli ya paja ndiyo itakayomsimamisha.

Usiku mwekeeni gongo la kutembelea mahali mkono unapofika. Kuna jambo huwapata watu wengi mno: mtu anaamka usingizini kwenda chooni, anasahau kwamba mguu haupo, anakanyaga hewa na kuangukia mshono. Mweleze mapema, na kumweleza mara moja hakutoshi.

Hatua ya pili: bendeji

Kigutu kipya huvimba. Ili soketi ikikae vizuri, kinatakiwa kipungue na kiwe na umbo la kushuka taratibu kuelekea mwishoni. Kazi hiyo hufanywa na bendeji ya kuvutika, ya upana wa inchi 4. Nunua mbili, moja ikifuliwa nyingine ifungwe. Muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuoneshe mara ya kwanza, kisha umfungie mgonjwa mbele yake naye akuangalie.

Anza mwishoni mwa kigutu, panda kwa mtindo wa namba nane, mizunguko ikikatana. Mkazo uwe mkubwa chini na upungue kadiri unavyopanda. Pita juu ya goti na umalizie kwenye paja. Ukizungusha duara tupu, au ukibana juu kuliko chini, damu hushindwa kurudi na ncha ya kigutu huvimba kama balbu ya taa. Umbo hilo haliingii kwenye soketi yoyote. Fungua na ufunge upya kila baada ya saa nne hadi sita, maana bendeji hulegea. Mgonjwa akilalamika kwamba inapwita au inauma, ifungue papo hapo. Mwenye kisukari asisubiri maumivu, kwa sababu huenda asiyasikie: angalia kwa macho, na ufuate anachosema daktari wake kuhusu kiasi cha kubana.

Mshono ukishafunga, kiguse kigutu kila siku. Kipapase, kisugue polepole kwa kiganja, kisha kwa taulo laini, na ulisogeze kovu huku na huku ili lisigande kwenye mfupa. Ngozi hiyo haikuumbwa kubeba uzito, inabidi izoeshwe. Asiyeweza kukigusa kigutu chake hataweza kukiweka ndani ya plastiki. Wako wanaochukua wiki kadhaa kabla ya kuweza hata kukitazama, na hao wasiharakishwe wala wasicheleweshwe makusudi. Mke, mume au mama akikishika bila kusita husaidia kuliko maneno.

Mara moja kwa wiki chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kigutu mahali palepale, uandike kwenye kalenda. Kipimo kikibaki vilevile wiki mbili mfululizo, na kovu likiwa kavu lisilotoa chochote, wakati wa karakana umefika. Kwa kawaida hiyo ni kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya upasuaji. Wenye kisukari na wenye mishipa mibovu ya damu huchukua muda mrefu zaidi, na kuwahi hakuna faida: soketi iliyotengenezwa juu ya kigutu kilichovimba itakuwa pana mwezi unaofuata.

Maumivu ya mguu usiokuwepo

Hili silipi namba ya hatua kwa sababu linaweza kuja wakati wowote. Mgonjwa atakwambia kidole gumba kinamuuma, na kidole hicho hakipo. Hajachanganyikiwa, wala hakuna aliyemroga. Ubongo bado una ramani ya mguu mzima, na neva zilizokatwa zinaendelea kupeleka habari. Ukianza kumbishia utamfanya anyamaze, na akinyamaza hatapata msaada.

Kubana kwa bendeji, kusugua kigutu na kukigongagonga polepole kwa ncha za vidole hutuliza wengi. Kuna pia njia ya kioo, iliyojulikana miaka ya 1990 kwa kazi ya mwanasayansi wa neva V. S. Ramachandran: unasimamisha kioo kirefu katikati ya miguu, kigutu kikiwa nyuma yake, unatazama taswira ya mguu mzima na kuuchezesha taratibu, ukijaribu kuuchezesha na ule mwingine. Macho yanaona miguu miwili, na kwa baadhi ya watu mkakamao huachia. Haimsaidii kila mtu, ila kioo ni rahisi kupata. Maumivu yakizidi kumnyima usingizi, mwambieni daktari; zipo dawa za maumivu ya neva, na panado peke yake si miongoni mwake.

Hatua ya tatu: kuichagua karakana

Afrika Mashariki ina mafundi waliosomea kazi hii. Chuo cha TATCOT kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, Moshi, kilianzishwa mwaka 1981 na kimefundisha wataalamu wa viungo bandia wa nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili na kuna hospitali ya CCBRT. Kenya, hospitali kuu ya Kenyatta ina karakana yake na APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo, linafanya kazi hii pia. Uganda kuna hospitali ya Mulago, na kuna hospitali ya CoRSU huko Kisubi, barabara ya Entebbe.

Mkiuliza bei, ulizeni inajumlisha nini. Je, kipimo, majaribio, mazoezi ya kutembea, soksi na marekebisho ya miezi ya mwanzo vimo ndani, au kila kimoja kinalipiwa peke yake? Bei ndogo isiyo na marekebisho ndiyo kubwa. Kama hela haitoshi, Tanzania nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza kitu nyumbani. Kenya, jiandikisheni kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia kupata vifaa. Bima waandikieni, nao wawajibu kwa maandishi.

Soketi nyingi kwenye karakana zetu ni za plastiki iitwayo polipropilini, teknolojia iliyoenezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu katika nchi zilizopitia vita. Ni imara, haiozi, na ikivunjika fundi wa hapahapa anaweza kuitengeneza. Usione haya kwamba haina vyuma vinavyong'aa. Kwa mtu anayeishi mbali na mjini, mguu unaotengenezeka karibu ni bora kuliko mguu wa kisasa ambao spea yake inasubiriwa kutoka Ulaya.

Nalo hili: ndugu walio Ulaya au Marekani hutuma kwa upendo mguu uliotumika. Soketi yake ilitengenezwa kwa mwili wa mtu mmoja na haimfai mwingine, hata wakilingana urefu. Wayo na bomba huenda vikatumika, kama karakana ina viungio vinavyoendana navyo. Upelekeni, fundi auangalie, ila mgonjwa asiuvae.

Hatua ya nne: kipimo na jaribio

Siku ya kipimo nenda na kaptura, na viatu utakavyovaa kila siku, vyote viwili. Urefu wa kisigino cha kiatu huamua jinsi wayo utakavyofungwa. Ukibadilisha kiatu cha kisigino kifupi kwa kirefu baadaye, goti litasukumwa mbele na utahisi unaangushwa.

Fundi atakuvisha soksi nyembamba na kuchora juu yake kwa kalamu maalumu: pia ya goti, kano iliyo chini yake, ukingo wa mfupa wa muundi, na kile kifundo cha mfupa mdogo upande wa nje. Kisha atazungusha plasta iliyoloweshwa, ileile anayofungwa mtu aliyevunjika mfupa. Ikianza kukauka utahisi joto, usiogope. Wakati huo atakandamiza kwa vidole gumba pande mbili za kano chini ya pia ya goti, na hapo tulia kabisa, usikaze misuli. Alama za kalamu huhamia ndani ya plasta. Plasta ikivuliwa hujazwa plasta nyingine ya maji, ikikauka anapata nakala ya kigutu chako, nayo huichonga kwa tupa: anapunguza pale panapoweza kubeba uzito, kama kwenye kano hiyo na ubavu wa ndani wa mfupa mkubwa, na anaongeza pale pasipotakiwa kuguswa, kama ukingo wa muundi, kile kifundo cha nje na ncha ya mfupa. Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Baadaye karatasi nene ya plastiki huingizwa kwenye tanuri hadi ilainike, hufunikwa juu ya nakala hiyo, na hewa hufyonzwa ili inate kila mahali.

Siku ya jaribio utasimama kati ya vyuma viwili. Sema ukweli. Watu wetu wana adabu ya kumwambia mtaalamu "sijambo, iko sawa" huku wakiuma meno. Fundi haoni ndani ya plastiki, anakutegemea wewe umwambie. Mwoneshe kwa kidole panapouma. Mafundi wengine hudondosha kidonge kidogo cha udongo wa kufinyanga chini ya soketi kabla hujaingiza mguu: kikitoka kimebonyea kidogo, ncha ya kigutu inagusa vizuri, kikitoka vilevile, kuna nafasi tupu chini, kikitoka kimesagika kabisa, unazama. Kama fundi wako hafanyi hivyo, muombe.

Tembea, kaa, simama, vua, angalia ngozi, vaa tena. Ukihisi unasukumwa mbele, goti linarudi nyuma, au unaegemea upande, sema. Boliti zilizo chini ya soketi zinaruhusu wayo kugeuzwa na kuinamishwa. Usiondoke na mguu siku hiyo kwa sababu basi linaondoka saa tisa. Lala mjini.

Hatua ya tano: wiki za kwanza

Anza kuvaa kwa nusu saa. Vua, tazama, pumzika, vaa tena. Ngozi ikiwa salama, ongeza nusu saa kila siku. Kuvaa kutwa nzima kunakuja baada ya wiki kadhaa, na anayevaa kutwa siku ya pili ili aonekane kanisani au msikitini hurudi na malengelenge yanayomlaza wiki mbili.

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta mahali palipokolea weusi au kung'aa, na upapase kwa mgongo wa mkono kama pana joto kuliko pembeni. Alama kwenye kano ya chini ya goti ni kawaida. Alama yoyote ikipotea ndani ya dakika 20, endelea. Ikibaki, au ikiwa juu ya ncha ya mfupa, usivae tena hadi fundi aione. Kwa nyuma na chini tumia kioo kidogo.

Soksi ndizo usukani wako. Kigutu hupungua kadiri siku inavyokwenda, asubuhi soketi inabana, alasiri inacheza. Ukiona goti linazama ndani, ncha inauma, au mguu unapanda na kushuka unapotembea, ongeza soksi. Ukiona mguu hauingii hadi mwisho, unabana ubavuni, au umekuwa mrefu, punguza. Ivae bila kukunja, mshono wake ukiwa nje, na beba ya akiba mkobani. Soksi huja kwa unene tofauti, wa nyuzi 1, 3 na 5. Zikizidi jumla ya nyuzi kumi hivi, kigutu kimepungua mno, unahitaji soketi mpya. Katika mwaka wa kwanza hilo hutokea kwa wengi, kwa hiyo msimlaumu fundi.

Gongo au fimbo ya mkono mmoja ishikwe upande wa mguu mzima. Ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mguu bandia.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani, kwa sababu kifundo cha wayo wa kawaida hakikunjiki. Fungeni bomba la chuma ukutani kwa urefu wa kiuno akiwa ameketi, alishike, aunyooshe mguu bandia mbele na kushuka kwa mguu mzima. Kwa mzee, tengenezeni kiti chenye tundu, seremala yeyote wa mtaani anakiweza. Anayekaa mkekani au kusujudu amwambie fundi siku ya kipimo, ili ukingo wa soketi nyuma ya goti ushushwe kadiri unavyoruhusu. Kushuka na kuinuka ajifunze akiwa na mtaalamu, siyo peke yake chumbani.

Kandambili huchomoka, maana hakuna vidole vya kuzishika. Vaa viatu au sandali zenye mkanda wa nyuma.

Usafi na matunzo

Osha kigutu jioni kwa sabuni isiyo kali, kikaushe kabisa. Asubuhi usikiloweshe kabla tu ya kuvaa, ngozi mbichi huchubuka. Losheni na mafuta pia paka usiku. Soksi fua kila siku. Ndani ya soketi futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, uache ikauke yenyewe usiku kucha, mbali na jiko.

Ukitoka shambani kwenye tope, au ufukweni kwenye chumvi na mchanga, suuza mguu kwa maji baridi na uukaushe, hasa sehemu ya wayo, ambayo mpira wake huchanika mapema kuliko plastiki. Boliti ikilia, usiikaze mwenyewe kwa kubahatisha. Fundi viatu anaweza kushona mkanda uliokatika. Soketi asiiguse, na wewe usiichonge kwa kisu hata kama ni kidogo tu.

Mwenye kisukari ana kazi ya ziada iliyo kubwa kuliko yote hapo juu: mguu uliobaki. Sasa unabeba mzigo zaidi, na ndio ulio hatarini. Uangalie kila usiku, katikati ya vidole na chini ya unyayo. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, asiuloweke kwenye maji ya moto, na kidonda kidogo kisichouma kipelekwe hospitali kesho yake.

Mtu mzima mguu humdumu miaka mitatu hadi mitano hivi, akiutunza. Mtoto anakua, kwa hiyo aonwe kila miezi sita, na huenda akahitaji mguu mpya kila mwaka. Yeyote arudi karakana mara moja akiona malengelenge, usaha, harufu, mpasuko kwenye soketi, au maumivu mapya ya goti, kiuno au mgongo. Siku hiyo abebe mguu wenyewe, soksi zote anazotumia, na vile viatu anavyovaa kila siku.